Saa za Mwanagenzi: Safari Yangu ya Kwanza Seattle

Ndege ya kutoka Doha ilitua Seattle mchana, mwishoni mwa Julai 2024, na jua lilikuwa kali kuliko nilivyotarajia kwa mji unaosifika kwa mvua. Kabla ya kutua tuliuona mlima Rainier, wenye urefu wa mita 4,392, umevaa theluji tangu kileleni hadi chini ya kiuno ilhali ilikuwa katikati ya kiangazi. Kwa sisi wenye Kilimanjaro, tunaoiona theluji yake ikipungua, weupe ule ulitia uchungu.

Nilikwenda kumwona dada. Aliondoka Kigoma na mumewe zamani, wakati familia za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zilipokuwa zikipelekwa Marekani. Dada alikuwa muuguzi kambini. Shemeji ni mtu wa Uvira ambaye vita vya Kongo vilimtoa kwao akiwa mtoto. Sasa wanakaa Kent, kusini mwa Seattle, si mbali na uwanja wa ndege. Kent na jirani yake Tukwila ni miji ya watu waliotoka mbali. Nilikuta duka la Msomali lenye unga wa sembe na majani ya chai ya Kenya, na Jumapili nikasali katika kanisa ambalo mahubiri, nyimbo na hata matangazo ya misiba vilikuwa kwa Kiswahili cha Kivu.

Waliokuja kunipokea uwanjani walikuwa wote, isipokuwa binti mkubwa wa dada. Nilipomuulizia, dada akajibu, "Yuko saiti."

Saiti naijua. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha ujenzi katika chuo cha ufundi, kwanza uashi, baadaye useremala wa majengo. Lakini sikutegemea kuisikia kwa mpwa wangu wa kike, tena Marekani, ambako ndugu tuliobaki nyumbani hudhani kila mtoto wetu anasomea uuguzi au kompyuta. Jioni akaingia, buti nzito miguuni, suruali imeganda vumbi la zege, koti la kung'aa amelitupia begani. "Shikamoo, mjomba." Nikaitika, nikamshika mkono. Kiganja kilikuwa na zile sugu zinazoota chini ya vidole kwa kushika nyundo. Nilizitambua kabla hajasema neno jingine.

Alikuwa mwanagenzi wa useremala, mwaka wa pili. Kazi yake ilikuwa kufunga mbao za zege katika njia mpya ya reli ya umeme inayokwenda Federal Way, zaidi ya kilomita 12, yenye vituo vitatu, viwili vikiwa hapo hapo Kent. Nikamuuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa ufundi wa kwetu angeuliza: nani alikupa nafasi? Nilitegemea kusikia habari za mtu fulani, labda mhandisi anayesali nao, labda rafiki wa baba yake, labda msimamizi mwenye huruma. Kwetu nafasi hupatikana hivyo.

"Sheria, mjomba," akasema. "Mkandarasi lazima awe na sisi."

Tulikaa mezani hadi usiku mwingi, dada akitubembeleza tukalale. Siku zilizofuata nikaendelea kuuliza, kwake, kwa walimu wake, kwa shemeji, na nikazisoma karatasi za sheria yenyewe. Nilichokielewa ni hiki.

Mwaka 2000 gavana wa jimbo la Washington wa wakati huo, Gary Locke, alitoa agizo kwamba katika ujenzi unaolipiwa na serikali ya jimbo, sehemu ya kazi ifanywe na wanagenzi. Mwaka 2005 agizo likawa sheria. Mradi wa umma unaokadiriwa kugharimu dola milioni 1 au zaidi, asilimia 15 ya saa zote za kazi ya mikono lazima ziwe za wanagenzi. Kwa idara ya barabara ya jimbo hesabu huanzia dola milioni 2. Shule za umma na vyuo vikuu viliingizwa baadaye, na marekebisho ya 2023 yakaleta ndani serikali za miji na wilaya: kuanzia Julai 2024, mwezi ule ule niliofika, miradi yao ya dola milioni 2 na kuendelea, na kiwango hicho kikapangwa kushuka hadi milioni 1.5 mwaka 2026 na milioni 1 mwaka 2028. Sound Transit, shirika la umma lililokuwa likijenga reli ya mpwa wangu, lina makubaliano yake na vyama vya wafanyakazi, na shabaha yake ni asilimia 20.

Kinachohesabiwa ni saa. Jambo hili nalikazia kwa sababu nimeona miradi ya kwetu ikiripoti idadi ya vijana walioajiriwa, na idadi ya watu ni hesabu inayochezewa kirahisi. Vijana ishirini wakiitwa wiki ya ukaguzi na kuachwa wiki inayofuata, ripoti itasema ishirini. Saa hazikubali hila hiyo. Mradi wenye saa 100,000 za kazi unatakiwa kuwa na saa 15,000 za wanagenzi, na ikiwa mtu mmoja hufanya kazi saa kama 2,000 kwa mwaka, basi hapo kuna kazi ya mwaka mzima kwa vijana saba, na inabaki. Saa za mkandarasi mkuu na za wakandarasi wadogo chini yake hujumlishwa pamoja, kwa hiyo mkubwa hawezi kusema kazi ya nondo ameigawa na hajui inafanywa na nani. Orodha za malipo, zenye saa na mshahara wa kila mfanyakazi, huwasilishwa kwenye idara ya kazi ya jimbo kwa njia ya mtandao.

Jambo la pili ni nani anaitwa mwanagenzi. Hapo sheria imekaza mkono. Mwanagenzi ni yule aliyesajiliwa katika programu iliyoidhinishwa na baraza la uanagenzi la jimbo, mwenye mkataba wa maandishi, anayefanya kazi chini ya fundi kamili, anayekaa darasani walau saa 144 kila mwaka, na ambaye mshahara wake hupanda kwa ngazi kadiri saa zake zinavyoongezeka. Programu haiwezi kuwa chini ya saa 2,000 za kazi. Ya maseremala wa mpwa wangu ni ya miaka minne. Yeye alianza na asilimia 60 ya mshahara wa fundi, na tayari alikuwa amepanda.

Na asiyesajiliwa? Katika kazi ya umma lazima alipwe mshahara wote wa fundi. Kwa seremala katika wilaya ya King, iliyo na Seattle na Kent, ni zaidi ya dola 70 kwa saa, bima ya afya na akiba ya uzeeni zikiwa zimehesabiwa humo. Nilimwomba mpwa wangu arudie hapo, maana ndipo lilipozibwa tundu ninalolijua vizuri mno. Kwetu kijana anafagia saiti miezi sita, anabeba zege kwa ndoo, anapewa nauli na chakula cha mchana, na akiuliza malipo anaambiwa yeye bado anajifunza. Washington ukitaka kumlipa mtu pungufu ya fundi, sharti uthibitishe kwamba unamfundisha.

Mpwa wangu alianzia mbali kidogo. Alipomaliza sekondari alifanya kazi katika ghala la vifurushi. Bonde la Kent limejaa maghala. Rafiki yake akampeleka ANEW, shirika lililoanzishwa 1980 kuwaandaa wanawake kwa kazi za ufundi. Kwa wiki kadhaa wakafundishwa hesabu za vipimo, kubeba vitu bila kuumiza mgongo, majina ya zana, kanuni za usalama, na namna ya kujibu maswali ya usaili. Ndipo akaomba kuingia programu ya maseremala. Shirika la namna hiyo lina kazi kwa sababu kuna mlango mbele yake. Kumwandaa msichana kwa saiti isiyomhitaji ni kumpotezea muda, na nasema hivyo kama mwalimu aliyekwisha kuwaona wasichana wake hodari wa useremala wakiishia kuuza vocha za simu.

Usiku mmoja alinionyesha kumbukumbu zake za kazi kwenye simu. Kila mwezi hujaza saa alizofanya, zimegawanywa kwa aina ya kazi: mbao za ukuta, mbao za nguzo, fremu, ngazi, dari, kupima na kuweka alama, usalama. Mwezi wa Juni ulikuwa na saa nyingi za mbao za ukuta, saa chache za nguzo, na kwenye ngazi paliandikwa sifuri. Mwezi wa Mei sifuri. Aprili sifuri. Chini ya kila mwezi palikuwa na saini ya msimamizi. Akaniambia kamati ya mafunzo imeiona ile sifuri na imemwandikia mkandarasi ampeleke kwenye kikosi kinachojenga ngazi za kituo kabla mwaka haujaisha, kwa sababu seremala hawezi kupewa cheti akiwa anajua kuta peke yake.

Niliishika ile simu muda mrefu. Nimewafundisha vijana wengi waliokwenda field, yaani mazoezi ya kazi, na kurudi na barua nzuri yenye mhuri, ikisema kijana ni mtiifu na anafika kazini kwa wakati. Ukimuuliza alifanya nini, alichanganya zege wiki nane. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba hakugusa pimamaji.

Siku moja shemeji alinipeleka kwenye uzio wa kituo cha reli alfajiri, kazi haijaanza. Mgeni haruhusiwi kuingia, basi tukasimama nje ya seng'enge na chai yetu. Wafanyakazi walikusanyika uwanjani na kofia ngumu vichwani, wakaanza kunyoosha viungo wote pamoja, mabega, viuno, magoti, wazee kwa vijana, kisha msimamizi akasoma hatari za siku hiyo. Baada ya hapo kila kikosi kikaenda upande wake. Mpwa wangu alikuwa na fundi mmoja mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe. Walisimamisha paneli ya ukuta. Yule mzee akaweka pimamaji, akaitazama, akairudisha mkandani bila kusema, kisha akalegeza kamba ya upande mmoja hadi paneli ikainama tena, akasogea nyuma. Alikuwa amekwisha kuinyoosha; akaiharibu ili binti ainyooshe mwenyewe. Binti akapima, akakaza, akapima juu, akapima chini, akakaza tena. Ilichukua dakika nyingi. Mzee akasimama amekunja mikono, hana haraka.

Zile dakika zina gharama, na ndiyo sababu wakandarasi wengi duniani hawapendi kufundisha. Nimewahi kukaa na wakandarasi wa kwetu, watu waungwana, na hoja yao naiheshimu: nikimfundisha kijana miaka mitatu, siku akiiva jirani yangu anamwongezea shilingi elfu tano kwa siku, anamchukua. Mimi nimelipa, yeye amevuna. Kila mkandarasi akiwaza hivyo, na kila mmoja ana haki ya kuwaza hivyo, hakuna anayefundisha, na baada ya miaka ishirini wote wanalalamika kwamba hakuna mafundi. Mkandarasi mmoja mwema hawezi kulitatua, kwa sababu akiingiza gharama ya mafunzo katika bei yake atashindwa zabuni na asiyefundisha. Sharti likiwa ndani ya zabuni, waombaji wote wanabeba mzigo uleule na ushindani wao hauharibiki. Mwenye uwezo wa kuliweka ni mteja, na katika nchi nyingi mteja mkubwa wa ujenzi ni serikali. Victoria, huko Australia, wamefanya hivyo tangu 2016: miradi ya serikali ya dola milioni 20 za kwao na zaidi, asilimia 10 ya saa ni za wanagenzi na wengine walio mafunzoni.

Kituo cha mafunzo cha maseremala kiko hapo hapo Kent, na hicho niliruhusiwa kuingia. Ni jengo refu la bati, ndani kuna saruji, mbao, na harufu ya msumeno niliyokuwa nimeikosa tangu niondoke nyumbani. Kundi moja lilikuwa likijenga ngazi za mbao zenye kona. Mwalimu akazikagua kwa rula, akaandika makosa kwa kalamu ya risasi juu ya mbao zenyewe, na mchana zikabomolewa, misumari ikang'olewa, mbao zikapangwa kwa kundi linalofuata. Wakufunzi wote walikuwa mafundi waliotoka saiti. Uendeshaji wa kituo hulipiwa na mchango mdogo wa mwajiri kwa kila saa inayofanywa na kila mfanyakazi, ulioandikwa katika mkataba na chama chao. Nilipowaambia kwamba nami ni mwalimu wa fani hiyo, wakanipa nyundo, na tukazungumza kwa vitendo.

Siamini kwamba kila kitu kwao ni safi, na mpwa wangu hakunificha. Sheria inamruhusu msimamizi wa mradi kupunguza ile asilimia 15 kwa sababu kadhaa: wanagenzi wakiwa hawapatikani eneo hilo, gharama za vifaa zikizidi sana za kazi, au mkandarasi akionyesha kwamba alijitahidi kwa dhati akashindwa. Sababu mbili za kwanza naziona za haki. Ya tatu ni pana mno. Barua tano za kuomba wanagenzi zinaweza kuitwa jitihada. Kisha kuna kipupwe. Mradi ukiisha Novemba, mwanagenzi anakaa nyumbani akisubiri jina lake lifikiwe kwenye orodha, na saa zake zinasimama. Na katika kikosi chao chote mwanamke alikuwa yeye peke yake. Kuna asubuhi alizokwenda kazini akijua kwamba kosa lake moja litahesabiwa kuwa kosa la wanawake wote. Hayo alinieleza kwa utulivu, akifunga kamba za buti.

Nikiwa huko huko ikafika tarehe 1 Agosti, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi mjini Dodoma safari za treni ya SGR, reli yetu ya kisasa, kutoka Dar es Salaam. Jioni tukatazama kwenye simu, nyumba nzima, shemeji akishangilia kama mtu wa Kigoma kwa kuzaliwa. Nami nilifurahi kutoka moyoni. Nakumbuka jiwe la msingi la Pugu, Aprili 2017, na watu waliosema haitafika Morogoro. Reli ya umeme, mahandaki ya milima ya Kilosa, madaraja marefu, vituo ambavyo watu hupigia picha za harusi: hiyo ni kazi kubwa ya taifa.

Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, saa za wanagenzi zilikuwa ngapi?"

Alizoea kuona kipimo hicho mradini kwake, akadhani kila mradi unacho. Nikamweleza tunavyohesabu: kilomita, mita za ujazo za zege, tani za nondo, asilimia za utekelezaji, ajira zilizotolewa. Kwamba maelfu ya Watanzania walifanya kazi pale na wengi walijifunza mengi, hilo ni kweli, na mafundi wetu wengine walishika mashine ambazo baba zao hawakupata kuziona. Lakini kujifunza kwao kulitegemea bahati ya kupangwa na nyapara mwenye moyo wa kufundisha. Kijana aliyebahatika aliondoka na ujuzi, na wengi wa hao waliondoka bila karatasi. VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, na ni utaratibu mzuri, ila unamfikia fundi baada ya kazi kwisha, naye anajilipia nauli kwenda kutafuta kutambuliwa.

Fedha za mafunzo tunazo. Kila mwajiri anayeguswa na sheria hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake ndiyo inayoendesha vyuo vya VETA. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikifadhili mafunzo ya uanagenzi kwa vijana. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imewalinda wakandarasi wa ndani na kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kwa hiyo wazo kwamba zabuni ya serikali inaweza kubeba lengo la kijamii tumekwisha kulikubali na kuliandika. Asilimia 30 inamnufaisha kijana mwenye kikundi na kampuni. Aliyebaki nje ni kijana mwenye mikono na cheti cha ngazi ya pili, ambaye hataki kandarasi. Anataka kusimama kando ya fundi kwa miaka mitatu hadi aive.

Walimu wa vyuo tumezunguka saiti tukiwa na mafaili ya barua kwapani tukiwaombea vijana nafasi. Ukifika getini, mlinzi anakuuliza una miadi na nani. Ukimpata mhandisi, anakwambia mradi umebanwa na muda, rudi mwezi ujao. Simlaumu, kwa maana hakuna mstari wowote katika mkataba wake unaomtaka ampokee kijana. Mkataba una mistari ya maji ya kunywa ya wafanyakazi, ya kupanda nyasi kwenye kingo za barabara, ya mabango ya tahadhari, na yote anaitekeleza kwa sababu imeandikwa, ina bei, na mhandisi mshauri anaikagua kabla ya kuidhinisha cheti cha malipo.

Nilirudi Kigoma nikiwa na nakala za zile karatasi, na tangu hapo nimezijadili na walimu wenzangu, na wakandarasi wawili watatu, na mhandisi mmoja wa halmashauri. Tunachopendekeza hakihitaji chuo kipya. Kwenye BOQ, orodha ya kazi na bei zake, ya kila mradi mkubwa wa umma uwekwe mstari wa saa za wanagenzi wenye bei yake, ili mkandarasi alipwe kwa kufundisha kama anavyolipwa kwa kumwaga zege. Asilimia ianze ndogo, 5 inatosha, ipande kadiri vyuo vinavyoweza kutoa vijana walio tayari. Saa za wakandarasi wadogo na za vikundi vya vibarua zihesabiwe, kwa sababu kwetu kazi nyingi ya mikono hufanyika chini ya fundi kiongozi anayelipwa kwa kipande, na sharti lisilomfikia huyo litabaki ofisini. Mwanagenzi asajiliwe VETA kabla hajaanza, awe na kitabu cha saa kinachoonyesha alichofanya na asichogusa. Asiyesajiliwa alipwe kama fundi au kama kibarua halali, na asiitwe mwanafunzi. Na ripoti ya saa iambatane na kila ombi la malipo la mkandarasi. Isipokuwepo, ombi lirudi.

Mhandisi wa halmashauri aliniuliza kama hili halitaongeza gharama. Litaongeza. Barabara itapanda bei kidogo, na mimi kama mlipa kodi nakubali kuilipa, kwa sababu fundi atakayeikarabati mwaka wa kumi atatoka wapi kama hakufunzwa wakati wa kuijenga?

Mpwa wangu alihamishiwa kwenye ngazi, akanitumia picha. Wanafunzi wangu wa mwaka huu wako tayari kwa saiti tangu sasa, wavulana na wasichana. Nawaomba Wizara ya Ujenzi, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, Bodi ya Usajili wa Makandarasi na VETA wakae meza moja juu ya jambo hili. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na kifungu cha saa za wanagenzi kiwemo katika zabuni za mwaka ujao.